Funza, Samaki na Vumbi la Kolwezi

Samaki wengi wanaoliwa Kolwezi, kusini mwa Kongo, hawakukulia Kolwezi. Wale tunaowaita thomson huvuliwa katika bahari ya Namibia, hugandishwa, na hutufikia kwa malori ya barafu baada ya kupita Zambia na mpaka wa Kasumbalesa. Ndakala, yaani dagaa, hutoka Ziwa Tanganyika. Samaki wa moshi hupanda kutoka Bukama na maziwa ya Upemba, na wengine hutoka ziwa la Nzilo, lililozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 Union Minière, kampuni ya migodi ya enzi za ukoloni, ilipouziba mto Lualaba ili kupata umeme wa migodi. Mji wenye shaba na kobalti chini ya mitaa yake unangojea kitoweo chake mpakani.

Jambo hili lina historia, na historia yake inafaa kukumbukwa. Kambi za wafanyakazi wa migodi zilipokua, zilihitaji samaki wengi na wa bei ndogo. Wafanyabiashara Wagiriki waliweka makao Kasenga, kando ya mto Luapula, wakawa wanapeleka shehena kwa malori hadi Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Aliyetafutwa kuliko wote ni mpumbu. Mvua zilipoanza, mpumbu walipanda mto kwa makundi kwenda kutaga, na wavuvi wakawangojea humo humo njiani kwa nyavu. Kufikia mwaka 1950 hivi, mpumbu walikuwa wamepungua hata biashara yao ikavunjika. Kizazi kimoja cha uchimbaji kilitosha kuwamaliza samaki ambao wazee wa Luapula waliwajua tangu enzi za babu zao.

Wakati huo huo wakoloni walikuwa wanatafuta njia nyingine. Mwaka 1949 Élisabethville ilipokea mkutano wa Wabelgiji na Waingereza kuhusu ufugaji wa samaki, na karibu na mji, huko Kipopo, kukawa na kituo cha kuchunguza jinsi ya kufuga tilapia bwawani. Vijiji vikahimizwa kuchimba. Kabla ya uhuru wa 1960, Kongo ilikuwa na mabwawa zaidi ya laki moja. Watu wengi leo hawajui kwamba Katanga, nchi ya shaba, ilikuwa pia mojawapo ya mahali ambapo Afrika ilijifunza kufuga tilapia.

Mengi ya mabwawa hayo yalikufa. Vita, barabara mbovu na serikali iliyochoka vilichangia, lakini mimi naamini sababu kubwa ilikuwa ndani ya maji yenyewe: njaa. Tilapia huanza kuzaa akiwa mdogo. Bwawa lisilo na chakula cha kutosha hujaa vifaranga wembamba wasiozidi kidole, na mwenye bwawa anachoka kusubiri samaki wa kuuza. Watu walitupa majani ya muhogo, mchwa na pumba, vitu vizuri, ila protini yake haikutosha au haikupatikana kila siku.

Mimi ni mtoto wa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali. Marehemu baba alifanya kazi katika kampuni hiyo, na tulikula mposho: unga, maharage, mafuta, samaki wakavu. Kampuni ilipoporomoka miaka ya 1990 mposho ukakoma, na mama zetu wakajua mara moja kwamba familia nzima ilikuwa inalishwa kutoka mahali ambapo haikuwa na sauti. Nilipochimba mabwawa yangu bondeni, upande wa barabara ya Nzilo, nilitaka chakula cha samaki wangu kisitegemee mkono mmoja wa mbali. Lakini punje za chakula cha samaki huku kwetu huja kutoka Zambia, katika foleni ile ile ya malori pale Kasumbalesa. Chakula ndicho kinachochukua zaidi ya nusu ya gharama za mfugaji wa samaki. Mwaka 2024, ukame ulipoyaunguza mahindi ya Zambia na bei ya unga ikapanda kwetu, watu walihangaikia bukari, yaani ugali. Samaki wa bwawani nani angewakumbuka?

Ndipo nikaanza kufuga funza.

Mdudu mwenyewe ni nzi askari mweusi, ambaye wanasayansi wanamwita Hermetia illucens. Asili yake ni bara la Amerika, lakini amesambaa hadi karibu kila nchi ya joto. Ni mweusi, mwembamba, mrefu kuliko nzi wa nyumbani, na ukimwona haraka utadhani ni nyigu. Hana mwiba, haumi, wala hakimbilii chakula cha mezani. Akishapata mbawa hahitaji kula tena. Anakunywa maji na kuishi kwa mafuta aliyojiwekea alipokuwa funza. Maisha yake ya kuruka ni ya siku chache, wiki moja hivi, na yote ni ya kutafuta mwenza juani, kutaga na kufa. Zaidi ya hapo, mahali ambapo funza wake wamejaa, nzi wa kawaida wa nyumbani hupungua, maana hawapati nafasi ya kutaga. Majirani waliokuwa na hofu ya kuletewa nzi waliyaona haya wenyewe kabla sijamaliza kueleza.

Jike hutaga mayai kati ya 500 na 900 kwa mara moja. Hayaachi juu ya uchafu wenyewe; huyaingiza katika ufa mkavu ulio karibu na harufu ya uchafu, ili watoto wakianguliwa wadondokee chakulani. Kwa hiyo mfugaji hufunga pamoja vipande vyembamba vya mbao, akiacha nafasi ndogo katikati, na kuviweka juu ya beseni la pumba zilizochacha, ndani ya chandarua. Mayai hukwanguliwa kwa kisu. Ni madogo mno: gramu moja ina mayai kama 40,000. Baada ya siku nne hivi huanguliwa, na kwa siku tano za mwanzo funza hulishwa chakula laini, chenye unyevu wa wastani, mahali pa joto.

Kisha kazi yenyewe inaanza. Mwongozo ninaoufuata ni ule wa Eawag, taasisi ya Uswisi inayochunguza maji na taka, uliotolewa mwaka 2017. Katika kreti moja ya plastiki, sentimita 60 kwa 40, unaweka funza 10,000 wa siku tano na unawapa kilo 15 za makombo yenye majimaji, kwa awamu, ndani ya siku 12. Siku za mwanzo huoni kitu. Kufikia katikati, uso wa kreti unatikisika wote, ukiinama unausikia mchakacho, na ukitia mkono unakuta joto ambalo wamelitengeneza wenyewe kwa kula. Mwisho unabaki na funza wanene wenye rangi ya maziwa na samadi nyepesi inayonusa udongo. Tani moja ya makombo hutoa kama kilo 200 za funza wabichi. Wakikauka hubaki kilo 60 au 70. Katika funza mkavu, protini ni kama asilimia 40 na mafuta kama asilimia 30, ingawa hesabu hiyo hupanda na kushuka kulingana na walichokula.

Wavune kabla hawajageuka kahawia. Funza akikaribia kuwa bundo, hatua kabla ya kuwa nzi, huacha kula, huondoa kilichomo tumboni, hutafuta mahali pakavu na giza, na ngozi yake inakuwa ngumu. Wachache tu waachiwe wafike hapo, wawe mbegu ya kizazi kinachofuata.

Vitabu vingi huandika habari za mdudu huyu kana kwamba anafugwa pwani. Kolwezi iko juu, mita kama 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari. Usiku wa Juni na Julai baridi inauma, na asubuhi tunavaa makoti. Nzi askari anataka joto la nyuzi 27 hadi 30. Chini ya hapo funza wanakua polepole, na nzi wanakaa wamejikunyata kwenye chandarua bila kupandana. Mvua zikianza, kuanzia Oktoba au Novemba, joto linarudi, lakini mawingu nayo yanafunika, na nzi hawa hupandana kwenye mwanga wa jua. Tunao basi msimu wenye jua bila joto na msimu wenye joto bila jua. Isitoshe, miezi ya kiangazi ambayo mayai yanapungua ndiyo miezi ambayo kukausha funza ni rahisi, na miezi ambayo mayai yanajaa ndiyo ambayo kila kitu kinaota ukungu.

Njia yangu ni kuwatumia funza wenyewe kama jiko. Kiangazi kreti hupangwa karibu karibu, zikafunikwa magunia, na joto la waliokomaa linawasaidia wadogo walio juu yao. Chumba cha mayai nimekijenga kwa matofali ya kuchoma, dirisha lake linatazama kaskazini, maana huku kusini mwa ikweta jua la miezi ya baridi hupita upande huo. Sitaki kuwasha makala, yaani makaa, usiku kucha ili kuwapasha nzi joto. Miombo inayoizunguka Kolwezi imekatwa vya kutosha kwa ajili ya makala ya kupikia.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwangu mimi ndilo kiini cha ufugaji huu katika nchi ya shaba.

Funza ana uwezo mkubwa wa kula vilivyoharibika. Mahindi yaliyoota ukungu hubeba sumu ya aflatoksini, ambayo kwa binadamu huharibu ini. Watafiti kadhaa wamewalisha funza hawa chakula chenye sumu hiyo, kisha wakawapima: haikujilimbikiza mwilini mwao. Hiyo ni habari njema kwa mtu yeyote mwenye ghala lililovuja. Lakini madini ni kitu kingine. Sumu ya ukungu inaweza kuvunjwa vunjwa na mwili, madini hayavunjiki. Kilichoingia kama kadimiamu kitatoka kama kadimiamu au kitabaki ndani.

Na kadimiamu hubaki. Mwaka 2015 Stefan Diener na wenzake walichapisha utafiti ambao ningependa kila mfugaji wa mkoa wetu wa Lualaba aujue. Waliwalisha funza chakula kilichotiwa kadimiamu, risasi na zinki. Risasi ilikuwa ndogo mwilini mwa funza kuliko ilivyokuwa katika chakula. Zinki nayo haikuzidi ile ya chakula. Kadimiamu ikawa zaidi ya mara mbili, hadi karibu mara tatu, ya ile iliyokuwa katika chakula. Funza waliendelea kukua, na kwa macho tu huwezi kumtambua yule mwenye sumu. Ngozi ya funza huyu ina kalsiamu nyingi, na kadimiamu inafanana na kalsiamu kiasi cha kupenya kwa njia zile zile. Mwilini mwa binadamu, kadimiamu hukaa kwenye figo kwa miongo.

Kwa mfugaji wa Dar es Salaam, habari hiyo ni tahadhari iliyo mbali kidogo. Kwetu ni ya mlangoni. Mwaka 2018 Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzake wa hapa na wa Leuven, Ubelgiji, walitoa matokeo ya vipimo kutoka Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambako watu walichimba kobalti katikati ya nyumba, hata ndani ya viwanja vyao. Wakazi wa penye mashimo walikuwa na kobalti nyingi zaidi mkojoni na damuni kuliko watu wa mtaa usio na mashimo, na watoto ndio waliozidi. Tangu mwaka 2009 timu hiyo ilikuwa imeonyesha kwamba mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga una kobalti nyingi, pamoja na risasi, kadimiamu na urani. Katika ziwa la Tshangalele, upande wa Likasi, samaki wenyewe wamepimwa na kukutwa na madini yanayotoka viwandani. Mito ya Luilu na Musonoi imebeba maji ya viwanda kwa miongo mingi.

Kwa hiyo swali la kwanza Kolwezi si kama funza watakua. Watakua. Swali ni makombo yametoka wapi, na yalikaa wapi kabla ya kufika kwenye kreti.

Mimi nina sharti moja ambalo silegezi: chakula kitoke kwenye sufuria au sahani kiingie kwenye ndoo yenye kifuniko, kisiguse ardhi. Takataka za sokoni zilizofagiliwa chini sizichukui, hata nikipewa bure na kuletewa hadi mlangoni, kwa sababu ufagio unachukua vumbi pamoja na maganda. Majani ya mboga yaliyolimwa kando ya mito inayopita viwandani siyachukui. Mihogo iliyoanikwa kandokando ya barabara ambayo malori ya madini hupita siku nzima, hiyo nayo hapana. Vyombo pia: sokoni kwetu yanauzwa mapipa na magunia makubwa yaliyowahi kubeba kemikali za viwandani, yana bei nzuri na yanadumu, na watu wengi wanayatumia kwa maji. Yasitumike kwa funza. Kreti ya plastiki mpya ni ghali, lakini unajua ilichobeba.

Ninayaokota makombo yangu katika malewa na katika kantini za kambi. Malewa, kwa msomaji asiyezijua, ni vibanda vya mama zetu vinavyouza chakula cha mchana: bukari, sombe (majani ya muhogo), maharage, samaki. Humo kuna maganda ya ndizi na ya muhogo, ukoko wa bukari, mboga zilizobaki. Mama wa malewa hatupi chakula ovyo, kwa hiyo ndoo yake ni ndogo, lakini ni safi na anajua kila kilichomo. Kantini ya kambi ni kinyume chake: watu mia kadhaa wanakula kwa zamu, wali na mkate vinabaki kwa mapipa, na ndani yake kuna karatasi, vijiko vya plastiki, mifupa, mifuko ya chai. Kazi kubwa kuliko zote katika mradi huu ni kuchambua. Kijana anayenisaidia anajua kuliko mimi kutazama pipa na kusema lilikotoka.

Chumvi nyingi na mafuta mengi huwasumbua funza. Makombo ya kambini huchanganywa na pumba za mahindi ili kunyonya majimaji, kwa sababu wakiogelea wanatoroka au wanakufa. Vikonyo vigumu vya sombe hawavimalizi. Nyama mbichi sikubali, maana vimelea vya nyama havifai kuingia katika mnyororo wa chakula. Umoja wa Ulaya, ulioruhusu protini ya wadudu katika chakula cha samaki wa kufugwa tangu Julai 2017, umekataza kabisa kuwalisha wadudu hao makombo ya mikahawa. Sheria hiyo imeandikwa kwa nchi zilizopitia janga la ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe. Sioni kama inatufaa kama ilivyo, ila woga ulioizaa ni wa haki. Kwa hiyo funza wangu wote hutumbukizwa katika maji yanayochemka kabla ya kukaushwa.

Kabla ya hapo wanakaa siku nzima katika pumba safi, watoe kilichomo tumboni. Halafu huoshwa, hutumbukizwa majini, na huanikwa juu ya meza yenye wavu, ndani ya uzio, mbali na barabara. Kuna wafugaji wanaowakaanga funza katika mchanga wa moto, mbinu nzuri sana kwingineko. Kolwezi, mchanga unauamini vipi?

Bwawani mambo ni mepesi. Kambare wanawapokea funza wabichi kwa fujo hadi maji yanaruka. Tilapia wadogo wanahitaji chakula kilichosagwa. Mchanganyiko wangu ni theluthi moja ya funza wakavu, robo ya mashudu ya soya, na kilichobaki pumba za mahindi na unga kidogo wa muhogo wa kushikiza. Unapata protini karibu asilimia 30, ambayo inamtosha tilapia. Unasukumwa kwa mashine ya kusagia nyama, unakatwa, unakauka. Hauelei kama punje za kiwandani, kwa hiyo unalisha mahali pamoja, kwa mkono, na unaacha wanapoacha. Sipendekezi kuwalisha samaki funza peke yake: mafuta ya funza ni mengi, na ni ya aina inayompunguzia samaki yale mafuta bora yanayomfanya awe chakula cha maana kwa watoto.

Wateja huuliza, na wana haki ya kuuliza. «Mama, hawa samaki wenu wanakula nini?» Nawajibu: funza. Sijaona mtu aliyeondoka. Sisi ni watu wa viwavi. Mvua za kwanza zikinyesha miombo inatupa viwavi na kumbikumbi, tunavikausha, tunavila na bukari, na vinauzwa bei kubwa kuliko nyama. Kinachowasumbua watu ni taka, wala si mdudu. Ndiyo maana nawaonyesha ndoo.

Wapo waliotutangulia. Nairobi kuna icipe, kituo cha sayansi ya wadudu kilichoanzishwa na Thomas Odhiambo mwaka 1970, ambacho kimewafundisha wafugaji wengi wa Afrika Mashariki namna ya kulea nzi huyu. Sanergy, katika mji huo huo, imewalisha funza taka za vyoo vya mitaa yenye msongamano pamoja na taka za jikoni. Dar es Salaam, Biobuu imefanya kazi hiyo kwa taka za mji. Kenya na Uganda zilitoa viwango vya ubora wa wadudu wakavu kwa chakula cha mifugo tangu mwaka 2017. Nikisoma kazi zao natamani tungekuwa na taka kama zao, zisizo na shaka.

Na samadi je? Samadi ya funza inatakiwa sana na wanaolima lengalenga, yaani mchicha, na kabichi, kwa kuwa udongo wetu mwingi ni mchovu. Nayo ina kanuni ile ile: kile ambacho funza hakukiweka mwilini amekiacha humo. Makombo yakiwa safi, samadi ni safi. Yakiwa na madini, utakuwa umeyahamisha kutoka jalalani kwenda shambani kwa mtu.

Nimefika mahali ambapo macho na pua havinisaidii tena. Naweza kukataa taka za sokoni na kuweka uzio, lakini ili kusema kwa uhakika kwamba kadimiamu iko chini ya kiwango nahitaji kipimo. Ulaya inaruhusu miligramu moja kwa kila kilo ya chakula kamili cha samaki. Je, cha kwangu? Kuna watu Kolwezi wanaoweza kujibu swali hilo. Kila kiwanda cha shaba hapa kina maabara ambayo usiku na mchana inasoma madini katika mawe, katika tope, katika tindikali, hadi viwango vidogo kabisa. Mashine inayosoma kobalti katika jiwe inaweza, ikiandaliwa vizuri, kusoma kadimiamu katika funza aliyesagwa na kuyeyushwa.

Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inazitaka kampuni kutenga angalau asilimia 0.3 ya mapato ya mauzo kwa maendeleo ya jamii zinazozizunguka. Fedha hizo zimejenga shule, visima na zahanati. Kamoa-Kakula, mgodi ulioanza kutoa makinikia mwaka 2021 kilomita kama 25 magharibi mwa mji, umechimba mabwawa ya samaki katika miradi yake ya kijamii, na nimefurahi kuona samaki wanachukuliwa kuwa jambo la maana. Ninachoomba ni kidogo kuliko bwawa. Naomba kamati zinazopanga matumizi ya fedha hizo ziweke fungu la vipimo: mfugaji yeyote wa samaki, wa kuku au wa funza apeleke sampuli mara mbili kwa mwaka, mwisho wa mvua na mwisho wa kiangazi, vumbi linapokuwa jingi kuliko wakati wote. Vipimo visimamiwe na vyuo vikuu vyetu, Lubumbashi na Kolwezi, na majibu yabandikwe wazi mahali ambapo mama wa malewa anaweza kuyasoma.

Sampuli haihitaji kuwa kubwa. Inatosha gramu mia za funza wakavu, gramu mia za makombo yaliyowalisha, samaki mmoja mzima pamoja na ini lake, kwa sababu kadimiamu hupenda ini na figo kuliko mnofu, na chupa ya maji ya bwawa. Makombo na funza lazima vitoke katika kreti moja, vinginevyo hutajua kama kosa liko jikoni, njiani au kwenye kianikio. Zangu nimeshaziweka katika mifuko safi, kila mfuko una tarehe na jina la jiko.